Jina Unaloliona Simu Ikiita Limetoka Wapi?

Uko dukani Kisaju, simu inaita, skrini inasoma "M-PESA Huduma". Usikimbilie kuamini. Mtandao huleta namba ya anayepiga. Jina linatoka kwingine.

Kama umesevu namba hiyo, unaona jina uliloandika wewe mwenyewe. Kama hujaisevu na una Truecaller, jina limetokana na watumiaji wengine, jinsi walivyoisevu au jinsi mwenyewe alivyojiandikisha. Hakuna aliyeangalia kitambulisho. Tapeli anaweza kujiita chochote.

Jina la Hakikisha ni tofauti. Hilo ndilo laini ilisajiliwa nalo, na tunakuonyesha kabla pesa haijatoka. Truecaller ikisema "Mama Nyasi Isinya" na Hakikisha ilete mwanaume usiyemjua, simamisha kwanza, umpigie. Huenda ni mzee wake, huenda sivyo.

Kwa meseji, wenye maduka ndio huumia zaidi. Mteja amepaki kando ya barabara ya Namanga, ana haraka, simiti iko karibu kupakiwa, na meseji ya malipo imeingia. Angalia imetoka wapi: yetu huja kwa jina MPESA, si kwa namba ya 07 au 01. Halafu angalia salio. Asubiri tu, hata akinuna.

Sisi tukikupigia ni kwa 0722 000 000 pekee, na PIN hatuulizi. Na anayedai alikutumia kimakosa? Mwambie atume ile meseji yake ya M-PESA kwa 456. Usimrudishie mwenyewe.