Kukoroma si dalili ya usingizi mtamu

WATU wengi humwona anayekoroma kuwa amelala fofofo baada ya kazi ngumu. Hata hivyo, kuna kukoroma kusikofaa kuchekwa. Ni kule kunakokatizwa ghafla na kimya, kisha mlalaji akashtuka akitweta kama mtu aliyekuwa akizama majini.

Madaktari huiita hali hii apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, ulimi na nyama laini za koo huziba njia ya hewa. Kifua hujitahidi kuvuta pumzi lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo humzindua mlalaji, naye huvuta pumzi kwa nguvu na kulala tena. Aghalabu asubuhi hakumbuki lolote.

Mkatiko huhesabiwa ukidumu sekunde 10 au zaidi. Pumzi ikikatika au kudhoofika mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni mdogo. Mara 15 hadi 29 ni wa wastani. Mara 30 na zaidi ni mkali. Mwenye mara 30 akilala saa 7, pumzi yake imetatizika mara 210. Si ajabu kwamba huamka amechoka.

Hatari ya barabarani

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Taita Taveta. Mji wa Voi uko kwenye barabara kuu ya Mombasa-Nairobi, na hapo ndipo huchepuka barabara ya kwenda Taveta na mpaka wa Tanzania. Malori hupita usiku na mchana. Dereva mwenye apnia anaweza kulala usiku kucha Maungu au Voi, na bado akasinzia kwenye usukani saa nne asubuhi. Miraa, muguka na kahawa huahirisha usingizi tu. Hazizuii koo kuziba.

Mbali na ajali, ugonjwa huu usipotibiwa huandamana na shinikizo la juu la damu, kiharusi na maradhi ya moyo.

Nani achunguzwe?

Nenda kwa daktari ikiwa unakoroma kwa sauti kubwa, unaamka na maumivu ya kichwa au kinywa kikavu, unasinzia mchana, unasahau mambo au umekuwa mwepesi wa hasira. Unene na shingo nene huongeza hatari, lakini wembamba nao hupatwa. Wanawake huugua pia, hasa baada ya kukoma hedhi. Mtoto anayekoroma kila usiku huenda ana mafindofindo makubwa.

Shahidi mkuu ni mke, mume, au utingo anayelala nawe safarini. Mwulize kama amewahi kusikia pumzi yako ikikatika, kisha uende naye kwa daktari.

Kuna pia maswali 8 ya Epworth, yaliyotungwa na Dkt Murray Johns wa Australia na kuchapishwa mwaka 1991. Hupima uwezekano wa kusinzia ukiwa umekaa ukisoma, ukiwa abiria garini na kadhalika, kila swali likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ikizidi 10, usingizi wako wa mchana umepita kiasi.

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, au hospitali za Wesu na Taveta. Hapo utapimwa shinikizo la damu, sukari na koo, na kuombewa rufaa. Kipimo chenyewe hufanywa usiku mmoja: vifaa kwenye kidole, puani na kifuani hurekodi pumzi na oksijeni. Baadhi ya hospitali kubwa za Nairobi hukifanya. Kabla ya kusafiri, uliza gharama, kama kuna kifaa cha kupimia nyumbani, na kile kinacholipwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Matibabu

Tiba kuu kwa ugonjwa mkali ni mashine ya CPAP, iliyobuniwa na Dkt Colin Sullivan wa Sydney na kutangazwa mwaka 1981. Husukuma hewa ya kawaida kupitia barakoa ili koo lisizibe. Wiki za kwanza huudhi. Usiiache, bali omba barakoa ikurekebishiwe. Ioshe kwa sabuni na maji. Kwa vumbi la Voi, kagua chujio mara kwa mara. Mashine nyingi zaweza kutumia betri kwa kiunganishi maalumu, jambo la faida kwa dereva na pale umeme unapopotea.

Wenye ugonjwa mdogo huweza kusaidiwa na kifaa cha mdomoni kutoka kwa daktari wa meno. Watoto wengi hupona mafindofindo yakitolewa. Kwa wote: punguza uzito ikiwa umezidi, lala ubavu, na epuka pombe na dawa za usingizi, kwani hulegeza koo zaidi.

Dereva anaweza kuficha dalili akihofia kazi yake. Lakini wengi wakitibiwa vyema hurudi kazini. Hadi daktari akuruhusu, ikiwa unasinzia mchana, usishike usukani.