Dawa ya Mzio na Kiharusi: Kiwango cha Uhakika katika Kuelezea Utafiti kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kubeba kiwango cha uhakika cha matokeo ya utafiti wa tiba. Mfano wetu ni prometazini, dawa ya mzio iliyotengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1940. Msomaji tunayemkusudia ni mkazi wa Nyakato, kando ya barabara iendayo Musoma. Kwake duka la dawa li karibu, ilhali Hospitali ya Bugando i ng'ambo ya pili ya mji, kilimani. Akielewa vibaya sentensi moja, huenda akaenda dukani badala ya hospitali.

2.0 Tatizo lenyewe

Kiharusi si ugonjwa wa nadra nchini. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikadiria, baada ya kurekebisha tofauti za umri, wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Hata hivyo, jina hili moja hujumuisha matukio mawili yanayopingana: mshipa wa ubongo kuziba na mshipa kupasuka. Tiba ya tukio la kwanza, yaani kuyeyusha damu iliyoganda, yaweza kumuua mgonjwa wa tukio la pili. Ni picha ya ubongo inayoyatenganisha kwa uhakika.

Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo kuhusu mitokondria, viungo vidogo vinavyoipa seli nguvu. Damu inapokatika, mitokondria huweza kufunguka na kumwaga vitu vinavyoiua seli. Baada ya kuchuja dawa nyingi zilizokwisha kuruhusiwa kutumika, waliona kuwa prometazini huchelewesha kufunguka huko, na kwamba ilipunguza madhara ya kiharusi kwa panya.

3.0 Uchambuzi wa sentensi

Tulinganishe:

(a) Dawa ya mzio inaponya kiharusi.
(b) Dawa ya mzio ilipunguza madhara ya kiharusi kwa panya.
(c) Huenda dawa ya mzio ikaja kupunguza madhara ya kiharusi kwa binadamu.

Sentensi (b) ni taarifa, na (c) ni tumaini. Sentensi (a) ni uwongo, ingawa haina neno lisilotokana na mada. Makosa yake ni matatu: kitenzi *ponya* kimechukua nafasi ya *punguza madhara*, kiambishi *-na-* kimeondoa wakati wa jaribio, na *kwa panya* imeachwa. Dawa nyingi zilizowakinga panya hazikufaa zilipojaribiwa kwa binadamu, na prometazini haijathibitishwa kuwa tiba ya kiharusi. Kwa hiyo kirai hicho kifupi ndicho kinachobeba uzito wa habari yote.

Neno *mzio* nalo lina mchango wake. Kwa kuwa humaanisha pia chakula ambacho mtu hujiepusha nacho, jina *dawa ya mzio* huweza kusikika kama la kitu chepesi cha nyumbani. Lakini prometazini huingia ubongoni na kuleta usingizi mzito. Mgonjwa wa kiharusi akisinzia, haitajulikana kama ni dawa au ni ubongo unaozidi kudhurika. Tena, wengi wao hushindwa kumeza vizuri, hivyo kidonge au maji yaweza kuingia katika njia ya hewa.

4.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa Kiswahili hakina upungufu wa nyenzo za kutofautisha lililothibitishwa na linalotumainiwa: kinazo *huenda*, *-nge-*, na vitenzi *kinga*, *tibu* na *ponya*. Upungufu u katika matumizi. Tunapendekeza kila taarifa ya utafiti itaje waliojaribiwa katika sentensi yake ya kwanza, na imalizie kwa lile lililo hakika. Kuhusu kiharusi, lililo hakika ni hili: shinikizo la damu lipimwe na kudhibitiwa mapema, na uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, bila kupewa kidonge chochote njiani.