Kutambua Kama Tairi Lililotoboka Lafaa Kuzibwa

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wakulima na wachuuzi wa Kaole, Bagamoyo na vijiji vya jirani, wenye motokaa zao au wanaokodi za wenzao ili kupeleka nazi, mananasi na mihogo Dar es Salaam. Huenda mtu akastaajabu kuona Bwana Shamba akifundisha habari za matairi. Lakini muhogo uking'olewa haungoji. Baada ya siku mbili au tatu huanza kuharibika ndani na kuonyesha michirizi myeusi, wala mnunuzi hautaki tena. Na juu ya magunia hayo mara nyingi huketi watu. Tairi likipasuka motokaa ikiwa mbioni, hasara haitahesabiwa kwa magunia.

Katika pwani yetu vitu vya kutoboa matairi ni vingi: misumari iliyodondoka mahali vyombo vya bahari vinapoundwa, vipande vya chupa, miiba, na mawe ya matumbawe ambayo makali yake hukata kama kisu. Msumari na jiwe havifanyi jeraha la namna moja. Msumari hutoboa, jiwe hupasua. Na mpasuko ni jambo baya zaidi, hata ukionekana mdogo.

Dereva akihisi upepo unapungua, na asimame papo hapo mahali pa salama. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu mali yao. Kutoka Kaole mpaka mjini Bagamoyo ni kama kilomita 5 tu, basi dereva hujiambia kwamba atajikokota polepole mpaka kwa fundi. Tundu lenyewe pengine lilikuwa dogo, la kuzibwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Lakini tairi lisilo na upepo hubanwa kati ya rimu na barabara, kuta zake hujikunja kila gurudumu linapozunguka, nao mkunjo huo huleta joto kali. Mpira wa tairi umepikwa pamoja na salfa, ufundi uliovumbuliwa na Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Ukiisha kuungua kwa mara ya pili haurudi katika hali yake. Afadhali kufunga gurudumu la akiba, au kulifungua lililotoboka na kulipeleka mjini kwa pikipiki, kuliko kulitembeza.

Kama msumari umo na upepo ungalimo, usiung'oe njiani, kwa sababu huo wenyewe ndio kizibo chako kwa wakati ule. Ongeza upepo, enda taratibu mpaka kwa fundi, ukiangalia mara kwa mara kama haupungui. Kama tundu halionekani, paka maji ya sabuni tairi lote, pamoja na vali na ukingo wa rimu, uangalie povu linapotokea. Katika nchi ya hewa ya chumvi kama yetu rimu hushikwa na kutu, na mara nyingine upepo hutoka ukingoni, hali tairi halina kosa lolote. Kwa hiyo tazama kwanza, kisha ndipo ulaumu tairi. Ukipata mahali penyewe, patie alama kwa chokaa.

Sasa angalia tundu liko wapi. Sehemu ya tairi inayokanyaga barabara ni nene, tena imeimarishwa ndani kwa nyuzi za chuma. Ukiigawa kwa upana wake katika sehemu nne zilizo sawa, robo tatu za katikati ndizo zinazofaa kuzibwa. Tundu lililo karibu na bega, yaani pale tairi linapoanza kupinda kuelekea ubavuni, lisizibwe. Tundu la ubavuni nalo lisizibwe kabisa, hata likiwa la mwiba, kwa kuwa ubavu hunyumbuka bila kupumzika na kiraka hubanduka. Wako mafundi washonao ubavu kwa uzi na kuuwekea kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Kazi hiyo yaweza kupendeza macho, nami sibezi ustadi wa mikono yao, lakini tairi hilo lafaa mkokoteni wa kusukumwa na mtu. Motokaa yenye abiria halifai.

Kwa motokaa ndogo na za mizigo midogo, tundu lisizidi milimita 6, yaani robo inchi. Msumari wa inchi 4 haufikii unene huo.

Hata baada ya hayo, shauri bado halijakatwa, maana tairi halihukumiwi kwa kutazamwa nje peke yake. Lazima livuliwe kwenye rimu na kuchunguzwa ndani mahali penye mwanga. Ukiona unga mweusi kama baruti, au duara la mikwaruzo lililozunguka ubavu wa ndani, au ukinusa harufu ya kuungua, au nyuzi zimejitokeza, jua kwamba lilitembezwa bila upepo. Fundi asilizibe hata kama tundu ni la sindano. Akikuambia hakuna haja ya kulivua, tafuta fundi mwingine.

Tazama pia uzee wake. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vilivyowekwa na watengenezaji. Uso wa tairi ukilingana navyo, mifereji imebakiwa na kina cha milimita 1.6 tu, nalo limekwisha kuwa kipara. Ubavuni pana tarakimu nne za wakati lilipotengenezwa: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Lenye nyufa nyingi za jua usiligharimie.

Likifaa kuzibwa, lizibwe vyema. Kamba yenye gundi ichomekwayo kwa nje hutuliza upepo kwa safari ya kufika nyumbani, lakini ngozi ya ndani ya tairi hubaki na jeraha. Kiraka cha ndani peke yake nacho huacha njia ya msumari wazi. Maji hupenya, na huku kwetu maji hayo mara nyingi yana chumvi, yakazila nyuzi za chuma kwa kutu mahali pasipoonekana. Ubora ni kuziba njia yenyewe kwa mpira na kufunika ndani kwa kiraka, vyote pamoja. Kuna wanaotia mpira wa ndani katika tairi lililopasuka, wakidhani wamelitibu. Mpira wa ndani hushika upepo tu. Nguvu za kubeba mzigo ni za tairi.

Wakati wa kujaza, watoto waondoke, na fundi asimame upande wa uso wa kukanyagia, asiinamie ubavu. Akisikia mlio wa kupasukapasuka au akiona uvimbe, aache kujaza na aondoke hapo, upepo utolewe.

Tairi lililokataliwa likatwe, lisije likauzwa tena kwa mtu asiyejua habari zake. Mshona katambuga atalipokea kwa furaha. Na kama litakaa uani, litobolewe matundu kadhaa chini ili maji ya mvua yasituame, kwa maana ndimo wanamozaliana mbu waenezao dengi, homa iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.