Kijana Anayesubiri Chuo Apewe Jembe

SOMO LA ROBO HII: kwa majadiliano katika kamati na jumuiya



Kila mwaka mwezi Mei vijana wetu hufanya mtihani wa Kidato cha Sita. Matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu vingi hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Baadhi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Wengine hubaki nyumbani. Kuna kipindi basi ambacho kijana si wa sekondari tena wala si wa chuo bado. Katika somo hili tunapenda kutafakari pamoja jinsi ya kukitumia kipindi hicho.

Tatizo lenyewe

Mara nyingi tunamkumbuka kijana siku mbili tu: siku ya harambee ya ada na siku ya mahafali. Katikati tunamwacha peke yake. Anafika chuoni hajui mtu, amepanga chumba, mkopo umechelewa, na anaona aibu kupiga simu nyumbani kwa sababu alishachangiwa. Wapo wanaoacha masomo kimya kimya, na kamati hupata habari muhula ukiwa umekwisha. Michango hupotea, lakini hasara kubwa zaidi ni kijana mwenyewe.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayepewa jembe huhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Kijana aliyezoea kutumika pamoja na wengine huku kwetu, hata akifika ugenini anajua namna ya kuingia katika jumuiya na ya kuomba msaada.

Tujifunze kwa waliotutangulia

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wananchi walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York kueleza malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka 3 kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda huko. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo, waliomtuma walimfahamu, naye alijua anasema kwa niaba ya nani. Mchango wao uliambatana na uhusiano.

Aidha, Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliwataka waliomaliza Kidato cha Sita wafanye kazi kwanza na kupata mapendekezo kutoka kazini na kwenye chama kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo ulikuja kuachwa. Sisi hatuna amri ya namna hiyo, wala hatuihitaji. Tunachohitaji ni kumwambia kijana kwa jina lake kwamba kuna kazi inayomsubiri.

Hatua nne kwa kamati

1. Tuwafahamu. Mwezi Mei katibu aandike orodha ya waliomaliza, pamoja na wale ambao wazazi wao hawahudhurii vikao.

2. Tuwape kazi ya kweli. Kupanga viti peke yake hakutoshi. Wapo wanaoweza kufundisha Hisabati na Fizikia jioni, au kusaidia kuweka sawa daftari la VICOBA. Waliokwisha kuanza chuo wawasaidie wadogo zao kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, aliyefiwa awe na cheti cha kifo cha mzazi, fomu isainiwe na viongozi wa mtaa au kijiji. Herufi moja ya jina ikitofautiana kati ya vyeti, maombi yanaweza kukwama. Wasichana nao wafundishe na kushika daftari, wasiachiwe jiko tu. Anayetoka mbali apewe nauli. Tukumbuke pia kwamba wazazi wanamhitaji kwenye kahawa na migomba.

3. Tumkabidhi. Anapoondoka apewe barua ya utambulisho, na mjumbe mmoja apige simu kwa usharika au parokia iliyo jirani na chuo chake. Mjumbe huyo huyo ampigie kijana kila mwezi.

4. Tupokee. Sisi tunaoishi Usa River karibu na Makumira, au Njiro karibu na Chuo cha Uhasibu, tuna watoto wa wenzetu mlangoni. Tusiwaone kama wapangaji tu.

Kwa kijana mwenyewe

Wiki ya kwanza chuoni tafuta kikundi kimoja, mfano USCF au TMCS, au kikundi cha dini yako au cha masomo. Usiishie kusikiliza; uliza kuna kazi gani. Chagua kazi moja tu ili masomo yasidhurike. Kikundi kinachokutaka uache vipindi, au kinachokukataza kuzungumza na wazazi, kikimbie. Fedha zikikuishia, sema mapema.

Angalizo

Kazi hizi zisigeuzwe malipo ya harambee. Kijana asiyechangiwa hata shilingi naye aalikwe, na aliyekosa nafasi ya chuo asifutwe kwenye orodha. Huyo ndiye anayehitaji jumuiya zaidi. Kwa wafadhili wetu, tunaomba katika udhamini wa ada ikumbukwe pia fedha kidogo ya nauli na simu za ufuatiliaji.

Maswali ya kujadili

1. Ni vijana wangapi wa kwetu wanasubiri chuo sasa? Tunawajua kwa majina?
2. Ni kazi gani iliyokwama ambayo mmoja wao angeiweza?
3. Nani atampigia simu nani, kuanzia lini?

Tunaziomba kamati zituandikie majibu yenu ili tuwashirikishe wengine katika toleo lijalo.