SOMO LA ORDINATERE: KUULIZA SOKETI NAMNA IMEPANGWA



Leo tutajifunza kazi moja ndogo ya luga ya C ambayo wengi wanaipita mbio: kusoma machaguo ya soketi. Kupanga wanajua, lakini kuuliza hawaulizi. Na yule asiyeuliza anaendelea kufikiri kwamba mambo iko vile alivyotaka, kumbe iko vingine.

Angalisho: hapa shuleni tukisema «opsio» tunafikiri sehemu ya masomo, kama vile ualimu ao sayansi. Katika somo hili chaguo ni kitu kingine. Ni kanuni moja ambayo soketi inafuata wakati inapotuma ao inapopokea ujumbe.

1. MAKTABA YENYEWE

Tutakamata mfano wa ZeroMQ. Ni maktaba ya kupeleka ujumbe kati ya programu, hata ziwe katika ordinatere moja, hata ziwe katika mbili zenye kuunganishwa na rezo. Ilianzishwa mwaka 2007 katika kampuni iMatix, na Pieter Hintjens pamoja na Martin Sustrik. Ndani yake imeandikwa kwa C++, lakini mlango tunaoingilia ni wa C. Haidai ordinatere ya katikati ya kupokea na kugawanya ujumbe. Programu zinaweza kusemezana zenyewe kwa zenyewe.

2. ULIZO NA VIPANDE VYAKE VINE

Amri ya kuuliza ni zmq_getsockopt. Inadai vitu vine:
a) soketi yenyewe;
b) jina la chaguo;
c) anwani ya chombo ambamo jibu litawekwa;
d) anwani ya hesabu yenye kuonyesha ukubwa wa chombo kile.

Ikifaulu inarudisha 0. Ikishindwa inarudisha -1, na sababu inaandikwa katika errno. Usisome chombo mbele ya kuangalia hii 0, maana kama amri imeshindwa, utasoma takataka na kuiita jibu.

Kamata sana kipande (d). Hesabu ile inafanya kazi mara mbili. Wakati wa kuingia, ni wewe unaambia maktaba: «Chombo changu kina okteti 256.» Wakati wa kutoka, maktaba inafuta na kuandika: «Jibu limekamata okteti 21.» Ni sawa na kupeleka bidoni kwa muuzaji wa mafuta pamoja na karatasi «litre 20». Akiisha kumimina litre 5, anafuta 20, anaandika 5. Ukirudi kesho na karatasi ileile, atafikiri bidoni yako ni ya litre 5, na akitaka kumimina 6 atakukatalia.

3. MFANO

char anwani[256];
size_t ukubwa = sizeof (anwani);
zmq_bind (s, "tcp://127.0.0.1:*");
if (zmq_getsockopt (s, ZMQ_LAST_ENDPOINT, anwani, &ukubwa) == 0)
    printf ("%s\n", anwani);

Ile nyota inasema: «Nipatie mlango wowote ulio wazi.» Basi mlango umepatikana, lakini wewe mwenyewe huujui. Usipouliza, utaambia mwenzako apige hodi wapi?

Sasa tuhesabu. Tuseme soketi ilifungwa kwenye tcp://127.0.0.1:5555. Herufi ni 20; ongeza okteti moja ya sifuri yenye kufunga maneno, inakuwa 21. Kiisha unaifunga tena kwenye tcp://127.0.0.1:15555, unauliza mara ya pili bila kurudisha ukubwa kuwa 256. Jibu linadai 22, karatasi yako inasema 21. Amri inarudisha -1, na errno ni EINVAL. Chombo kingali na nafasi tele, lakini karatasi ndiyo imesema uongo. Kwa hiyo rudisha ukubwa kila mara mbele ya kuuliza.

4. MAJIBU HAYANA UMBO MOJA

Machaguo mengi yanajibu kwa int, lakini si yote. ZMQ_MAXMSGSIZE, yenye kuonyesha mwisho wa ukubwa wa ujumbe unaoruhusiwa kuingia, inajibu kwa int64_t, ni kusema okteti 8. -1 maana yake hakuna mpaka. Ukitoa int ya okteti 4 na kusema ukweli, utakataliwa tu. Ukitoa int na kuandika kwamba ina 8, maktaba itakuamini na itaandika ndani ya shamba la jirani. Hapo programu inaweza kuanguka mahali pengine kabisa, nawe utatafuta kosa mpaka usiku.

Tena ZMQ_RCVMORE ilikuwa int64_t katika toleo la 2, ikageuka int tangu la 3. Basi usinakili kode ya zamani bila kuuliza ni ya toleo gani.

5. MACHAGUO MAWILI YENYE KULINDA HABARI

ZMQ_RCVMORE. Ujumbe mmoja unaweza kuwa na vipande vingi. Tuseme kipande cha kwanza ni jina la mwanafunzi, cha pili ni pointi zake. Kiisha kupokea kipande, uliza: 1 ni kusema kingine kingali kinakuja, 0 ni kusema kile kilikuwa cha mwisho. Asiyeuliza anaweza kukamata pointi za mtu akazifanya kuwa jina la mtu mwingine. Mambo ya pointi, ninyi wenyewe munajua kilio chake!

ZMQ_LINGER. Inaonyesha soketi ikiisha kufungwa itangojea muda gani ujumbe ambao haujatoka bado. -1 ni kungojea bila mwisho, 0 ni kutupa palepale, hesabu nyingine ni milisekonde. Ukikuta 0 katika programu yenye kutuma pointi, simama kwanza. Lakini musidanganyike: ujumbe huo unangojea katika kumbukumbu ya ordinatere. Umeme ukikatika, hata -1 haitauokoa.

6. NENO LA MWISHO

Jibu la chaguo linaonyesha kile kilichopangwa, si kila mara kile kinachotumika sasa. Ukigeuza ZMQ_MAXMSGSIZE kiisha kuunganisha, kusoma kutakupa hesabu mpya, lakini hesabu ile inafanya kazi kwa miunganisho itakayofuata. Kwa hiyo panga kwanza, soma uhakikishe, kiisha unganisha.

MAULIZO
1. Kwa nini tunatoa anwani ya ukubwa, na si ukubwa wenyewe?
2. Anwani tcp://127.0.0.1:80 itakamata okteti ngapi?
3. LINGER ni 5000. Soketi itangojea sekonde ngapi?

Andikeni majibu katika kaye, tutayasahihisha pamoja.

Kapita wenu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho