HESABU YA MJENZI: GHARAMA ZISIZOONEKANA UKUTANI

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Maneno hayo yawahusu sana mafundi wanaojenga kwa mapatano. Fundi huhesabu mawe, saruji, mabati na ujira wa waashi, kisha akataja bei. Kazi iishapo, aona mfuko mtupu, wala hajui fedha zimekwenda wapi.

Gharama za ujenzi ni za namna mbili. Za kwanza ni vifaa, na ujira wa wale wanaovijenga. Za pili hazionekani ukutani, lakini bila hizo kazi haiendi: mlinzi wa usiku, msimamizi, ghala ya saruji, choo cha wafanya kazi, na bima. Nchini Kenya bima ya wanaoumia kazini si hiari; sheria ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuwa nayo.

Chukua mfano wa nyumba ya kujengwa kwa majuma 12. Vifaa ni Sh. 900,000 na ujira Sh. 400,000, jumla Sh. 1,300,000. Sasa na ziongezwe hizi:

Mlinzi, Sh. 5,000 kwa juma: Sh. 60,000
Msimamizi, Sh. 8,000 kwa juma: Sh. 96,000
Kujenga ghala na choo: Sh. 24,000
Bima: Sh. 10,000
Sehemu ya gharama za ofisi: Sh. 60,000
Jumla: Sh. 250,000

Ofisi ya fundi huyu, yaani kodi, simu na karani, hugharimu Sh. 240,000 kwa mwaka. Kwa kuwa hupata kazi nne zilizo sawa, kila kazi yabeba robo.

Basi gharama ya kweli ni Sh. 1,550,000. Akitaka faida ya 10 kwa mia, bei ni Sh. 1,705,000. Lakini aliyesahau orodha ya pili atataja Sh. 1,430,000, na atapata hasara ya Sh. 120,000 huku akidhani amepata faida.

Tena mvua ikichelewesha kazi majuma manne, ghala na choo hazizidi gharama, bali mlinzi na msimamizi huongeza Sh. 52,000. Kwa hiyo yafaa gharama za kila juma ziandikwe mbali na zile za mara moja.

Mwenye nyumba naye asikimbilie bei ndogo kabla ya kuiona orodha yote. Fundi aliyeishiwa fedha huiacha nyumba bila paa.