Marafiki wanataka tuitie Starlet yangu injini ya turbo

SWALI: Nina Toyota Starlet EP82 niliyoachiwa na baba mdogo. Tuko marafiki wanne tangu sekondari, na mmoja wetu ni fundi umeme wa magari. Wenzangu wanataka tuchange tununue injini ya turbo ya mtumba, aina ya 4E-FTE, tuifunge wenyewe hapa uani kwangu siku za mapumziko. Nami natamani sana, ila mke wangu anasema tunatafuta kifo na ugomvi. Nikisita, wenzangu wananiita mwoga. Nifanyeje?
Mwenye Starlet, Iringa

JIBU: Hamu yenu si upuuzi. Vijana wanne kushika spana pamoja na kujifunza gari lilivyo ndani ni jambo la kutiwa moyo, na injini mmeichagua vizuri. Hiyo 4E-FTE, iliyofungwa kwenye Starlet GT na baadaye kwenye Starlet Glanza V, ni ya ukoo mmoja na 4E-FE ya Starlet za kawaida: ujazo ni ule ule wa cc 1331, na inakaa mahali pake bila kukatakata bodi. Inatoa nguvu za farasi 135, wakati yako haizidi 100, tena kwenye gari lisilofika kilo 900. Lakini kuingia kwake kwa urahisi ndiko kunakowapotosha watu. Wanadhani injini ikishakaa, kazi imekwisha, na hesabu ya mchango inaishia hapo. Kifo na ugomvi anavyovihofia mkeo vina chanzo kimoja, nacho ni hesabu hiyo iliyokatwa nusu.

Toyota wenyewe walipoitia Starlet turbo hawakuishia kwenye injini. Waliipa giaboksi imara zaidi, breki kubwa zaidi za mbele, na kompyuta yake yenye nyaya zake. Walikuwa na sababu. Gari likitoka mwendo wa 100 kwa saa kufika 140, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inakaribia kuwa maradufu, kwa kuwa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Nawe unaishi Iringa. Ukienda Morogoro lazima uteremke mlima Kitonga, na malori yamejaa mbele na nyuma yako. Breki ndogo zilizochakaa zikipata moto kwenye kona zile, farasi 135 hazitakusaidia kitu. Na mafuta nayo: turbo ya aina hii inahitaji petroli ya oktani ya juu, maana ya chini hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda na inaweza kupasua pistoni. Kwa hiyo nunueni sehemu ya mbele ya Starlet ya turbo iliyokatwa nzima, yenye injini, giaboksi, nyaya, kompyuta na breki zake, kisha shokapu, matairi na rejeta vikaguliwe. Hiyo ndiyo bei halisi. Injini watu huichangia kwa furaha; ikifika zamu ya breki, mmoja ana ada ya mtoto, mwingine hapokei simu, na gari linabaki juu ya mawe uani kwako.

Wenzako watasema hamtakimbiza. Mtu asiyekusudia kukimbiza hanunui turbo, na usukani hautakuwa mikononi mwako siku zote. Watasema pia kwamba cc ni zile zile, kwa hiyo kadi ya gari haina haja ya kubadilishwa. Hilo si kweli. Kadi ina namba ya injini, na injini mpya ina namba yake, kwa hiyo badiliko hilo lazima lifikishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), nanyi mdai risiti na nyaraka za injini mnayonunua. Kampuni ya bima nayo iambiwe mapema, kwani ilikadiria gari la kawaida. Ikigundua turbo baada ya ajali, ina sababu ya kukataa kulipa. Atakayeulizwa ni wewe peke yako, maana jina la kwenye kadi ni lako.

Ndiyo maana sikubali kuwa kusita kwako ni woga. Wao wanachanga fedha, wewe unabeba dhamana. Waulize waziwazi mchango wao ni zawadi, mkopo au hisa, na gari likiuzwa kila mmoja atapata nini, kisha muandike na kutia sahihi. Mwonyeshe mkeo karatasi hiyo kabla ya senti moja kutoka; yeye ndiye aliyeona mbali kuliko ninyi wanne. Fedha zote zikipatikana, anzeni na breki, na injini iwe ya mwisho. Zisipotimia, msifungue hata nati moja: iendesheni Starlet ilivyo.